Kuhasi au Kufunza: Kipi Humzuia Mbwa Dume Kuvuta Kamba?

Kuhasi humwondolea mbwa dume chanzo kikuu cha homoni ya testosteroni, na kwa hiyo mara nyingi hupunguza tabia zinazoitegemea, kama vile kuzurura akitafuta majike na kuweka alama kwa mkojo. Kuvuta kamba anapotembezwa si miongoni mwa hizo, isipokuwa pale anapofuata harufu ya jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta humfikisha anakotaka. Mwenye kamba akisimama kila inapokaza na kusonga tu inapolegea, faida hiyo hutoweka, ingawa kazi hii (ya kuchosha, kusema kweli) hudai subira ya wiki nyingi. Kwa tatizo hili pekee ningechagua mafunzo, hasa kwa mbwa mwoga, ambaye kuhasiwa kunaweza hata kumzidishia hofu.