Kliniki ya kifua hospitali ya serikali: dokta yuko poa, famasi hapana, na getini ndo kabisa

Wakuu, nimempeleka mzee kliniki ya kifua kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar, jina naliacha. Ni mara ya tatu mwaka huu kwa hiyo naongea nikiwa nimeshakaa sana kwenye yale mabenchi.

Fikeni mapema. Sisi tulifika saa kumi na mbili asubuhi tukapewa namba 41, dokta tukamwona saa tano na nusu. Dirisha la bima halina shida.

Dokta nampa nyota zote tano, kijana mdogo ila ana heshima. "Mzee, unavuta ngapi kwa siku?" "Chache tu mwanangu." "Chache ngapi?" Kimya. Nikajibu mimi, pakiti, mzee akaniangalia kama nimemuuza. Akapewa mrija wa kupima pumzi, unavuta yote ndani halafu unapuliza kwa nguvu bila kuachia, mara tatu, ile ya tatu akakohoa mpaka sista akakimbilia kiti. Majibu: mapafu yamechoka, hayarudi kama zamani, ila akiacha sigara hayataendelea kuharibika kwa kasi hii.

Famasi nyota moja. Pampu mbili za kuvuta dawa zimeandikwa, iliyopo moja, nyingine "kanunue nje".

Sasa ngoja niwaambie kinachoniuma. Safari iliyopita mzee alilazwa siku 6 yuko kwenye oksijeni, na vitanda vitano vya upande wetu wazee wanne walikuwa wavutaji, niliwauliza mwenyewe, na bili zile bima ndo inabeba, yaani mimi na wewe tunaokatwa kila mwezi hata kama hujawahi kushika fegi. Kuna utafiti wa 2018 ulipiga hesabu ya dunia nzima, mwaka 2012 peke yake matibabu ya magonjwa ya sigara yalikula dola bilioni 422, karibu 6% ya hela yote ya afya. Ukikaa wodini zile siku wala hushangai.

Halafu pamoja na hela yote hiyo, pale kliniki hakuna mtu wa kumsaidia mgonjwa aache. Anaambiwa "acha sigara mzee", basi, aliyevuta miaka 40! Plasta za nikotini, zile za kubandika kwenye ngozi kupunguza hamu ya sigara, WHO wameziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, nilipoulizia famasi yule dada akanitolea plasta ya kidonda. Sikumlaumu, nadhani hajawahi kuletewa.

Tukatoka. Getini, hatua kama kumi hivi, kuna kibanda kinauza maji, vocha na fegi moja moja, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba uwashie hapohapo. Mzee akapunguza mwendo. Muuzaji akamsalimia, tena kwa jina.

Tarehe yetu nyingine ni mwezi ujao, nitampitisha geti la nyuma.