Diski "mpya" ya Kariakoo yenye saa 31,406

Nianze na hukumu kabisa: kama unatafuta diski ya seva yako ya nyumbani, hilo duka usiende. Jina silitaji, lakini ukipanda zile ngazi nyembamba karibu na Mtaa wa Aggrey, ukamkuta jamaa anakula chipsi mayai juu ya kaunta ya kioo, geuza ulikotoka.

Seva yangu si kitu cha kutisha. Ni kompyuta chakavu ya ofisini niliyoitia TrueNAS, mfumo wa kuigeuza kompyuta kuwa ghala la mafaili, inakaa chini ya kabati la vyombo. Ndani mna diski mbili za terabaiti mbili, kila moja imebeba nakala ya mwenzake. Humo mna picha zote za nyumbani, na sauti ya marehemu baba akisimulia habari za ukoo, niliyoirekodi kwa simu mwaka wake wa mwisho. Nafasi ilipokwisha nikaamua kupanda hadi terabaiti nne. Kazi yenyewe nyepesi: unatoa diski moja, unachomeka mpya, unasubiri inakili, halafu unafuata ya pili. Nafasi haiongezeki mpaka zote mbili ziwe kubwa, kwa hiyo ukiona bado imejaa baada ya ile ya kwanza, usiite fundi.

Basi nikanunua ya kwanza kwenye duka hilo, nikaichomeka bila kuipima. Hapo kosa langu, nakubali. Kwenye saa tano usiku ikaanza: tik, tik, kimya, tik. Mke wangu akauliza kama ni mjusi.

Nikaandika smartctl -a, amri ya kuiuliza diski hali yake, nikateremka mpaka Power_On_Hours, yaani saa ilizowahi kuwashwa. 31406. Nikafuta miwani nikasoma tena. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwashwa mchana na usiku, na mimi nimeuziwa kwenye kipochi kilichofungwa, nimelipa bei ya mpya! Chini yake Current_Pending_Sector ilikuwa inapanda kila nikitazama, maana yake sehemu inazoshindwa kuzisoma zinaongezeka. Na wakati huo sauti ya mzee ilikuwa imebaki kwenye diski moja tu, nzee.

Kesho yake nikarudi dukani na karatasi niliyochapisha. Nikamwonyesha yule jamaa wa chipsi.

"Saa?" akasema, mdomo umejaa. "Kwani hii diski imevaa saa?"

Duka zima likacheka. Nikaeleza. Akanikata: "Bosi, umekuja kununua au umekuja kunifundisha kazi?" Kisha akagonga kidole kwenye risiti yake ya kuandika kwa mkono, pale chini: *Mali ikishauzwa hairudishwi.* Kidole kikaacha doa la mafuta juu ya neno "hairudishwi". Lile doa linaniuma kuliko hela.

Nimeapa mara tatu kuuza kila kitu na kurudi kwenye kuweka picha kwa kulipia kila mwezi. Lakini nikiwa mkweli, seva yenyewe haikuniangusha. Nilirudisha diski ya zamani mahali pake, ZFS, ule mpangilio wa TrueNAS wa kutunza data kwenye diski, ikaitambua, ikajazia yale machache yaliyobadilika, ndani ya dakika chache tulikuwa salama. Hasira isinifanye nikaitukana mashine isiyo na kosa. (Na ndiyo, sasa nina bakapu ya tatu kwa dada yangu Morogoro, maana diski mbili kwenye sanduku moja zinaibwa pamoja na zinaungua pamoja.)

Sasa hapa ndipo mtanicheka. Baada ya wiki mbili hivi nilipita tena, yule jamaa, bosi wa duka, hayupo, kaenda kuswali. Yupo kijana wake. Akaninong'oneza, "Kaka, ile lete." Nikaileta. Akanibadilishia, lakini kwanza akataka nimwonyeshe ile amri. Tukaipima palepale kwa laptopu yake: saa 3. Akaanza kupima zile za kwenye rafu, moja baada ya nyingine, akawa anazitenga kando bila kusema neno. Rundo la pembeni lilikuwa kubwa.

Ya pili nikanunua kwake hukohuko. Zote mbili zinakwenda mpaka leo, kimya, mjusi hakuna.

Kwa hiyo nendeni basi, ila mchana wa swala, na mpime kabla hamjatoa hela. Mimi nikipita bosi ananiita "Mzee wa Saa" mpaka mtaa wote unageuka. Sijamjibu bado.