Uzoefu wangu na Smashwords: riwaya bila mchapishaji, tangu vitabu vya kielektroniki vikiwa vichanga

Nilianza kutumia Smashwords, huduma ya mtandaoni ya kujichapishia na kuuza vitabu vya kielektroniki, wakati ambapo ukimwambia mtu riwaya yako inapatikana kwa njia ya kielektroniki pekee, alikuuliza kitabu chenyewe kitatoka lini. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mwenye mswada uliokamilika na asiye na mchapishaji, anayetaka kujua kama njia hii ilistahili sifa ilizopewa. Kwangu ilistahili, na sababu kubwa haikuwa fedha. Huduma hiyo haikukudai chochote kabla kitabu hakijauzwa, na haikukushikia haki yoyote baada ya kuuzwa.

Hilo la haki nalisema kwa uchungu. Kabla yake nilikuwa nimeshazungumza na kampuni moja, ya wale wanaojiita wachapishaji ilhali mteja wao halisi ni mwandishi mwenyewe. Walitaka nilipie uhariri, jalada na shehena ya nakala za kuhifadhi nyumbani kwangu, kisha mkataba ukawapa wao kitabu katika kila umbo, lililopo na litakalobuniwa. Sikusaini. Smashwords ilipokuja na masharti yake, kwamba hakimiliki inabaki kwako, hakuna ada ya kujiunga, unaweza kuuza kwingine kokote na unaweza kukitoa kitabu siku yoyote, nilisoma ukurasa ule mara mbili nikitafuta mtego. Haukuwepo.

Aliyeianzisha ni Mark Coker, Mmarekani wa California. Yeye na mkewe walikuwa wameandika riwaya kuhusu ulimwengu wa tamthilia za mchana za televisheni, nayo ikakataliwa na wachapishaji kwa kuwa riwaya za aina hiyo zilizoitangulia hazikuuzika vizuri. Akaijenga huduma hiyo na kuifungua mwaka 2008. Mwaka wa kwanza ilitoa vitabu 140 tu. Kufikia mwisho wa 2011 orodha yake ilikuwa imepita vitabu 90,000. Ukuaji huo haukuja wenyewe. Novemba 2007 duka la mtandaoni la Amazon lilitoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa dola 399, ikaisha sokoni kwa saa chache, na pamoja nayo ikafungua mlango wa waandishi kupakia kazi zao wenyewe. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na wasomaji wengi waliozoea kulipia faili.

Shida ilikuwa kwamba kila kifaa kilitaka faili la namna yake. Tangu Rocket eBook, kifaa cha kusomea cha mwaka 1998, hali ilikuwa hivyohivyo: ukimwandalia huyu, yule hawezi kufungua. Fomati ya EPUB ilipitishwa kuwa kiwango cha pamoja mwaka 2007, lakini Kindle ilitaka MOBI, wenye vifaa vya Sony walikuwa na LRF, wa Palm walikuwa na PDB, na wengine walisoma PDF kwenye kompyuta. Smashwords ilipokea faili moja la Word kutoka kwako na kukutolea fomati hizo zote kwa mkupuo. Mtambo huo wa kugeuza waliuita Meatgrinder, na hapa ndipo kazi halisi ya mwandishi ilipokuwa.

Meatgrinder ilitaka mswada safi, na usafi wenyewe haukuhusu lugha. Mtu aliyezoea kuandika kwa ajili ya karatasi huanza aya kwa kubonyeza nafasi mara tano, hugonga Enter mpaka ukurasa uishe ili sura mpya ianzie juu, na huweka namba za kurasa. Kwenye kitabu cha kielektroniki hayo yote ni uchafu. Msomaji huchagua ukubwa wa herufi mwenyewe, maandishi hutiririka upya, kwa hiyo ukurasa wa 47 haupo, na zile Enter kumi na mbili huzaa skrini tupu katikati ya hadithi. Coker aliandika mwongozo wa mtindo, unaotolewa bure, akieleza moja baada ya jingine: mjongeo wa aya uwekwe kwa mtindo wa Word, mistari mitupu isifuatane mingi, yaliyomo yawe na viungo vinavyompeleka msomaji kwenye sura.

Kwa mswada uliochafuka kupita kiasi, mwongozo ulipendekeza dawa kali: nakili kila kitu, bandika kwenye Notepad, programu ya maandishi matupu ambayo hufuta mapambo yote, kisha kirudishe kwenye Word na uanze kupanga upya. Italiki zote hupotea. Nilichofanya mimi, na ninakipendekeza hadi leo, ni kutafuta italiki zote kabla ya kufuta, kuzizungushia alama isiyotumika popote kwenye kitabu, kisha kuzirejesha kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Riwaya nzima huchukua jioni moja. Bila alama hizo utaisoma yote upya ukisaka neno mojamoja.

Nimesikia waandishi wakiulalamikia ugumu huo. Mimi naushukuru. Mswada uliosafishwa kwa namna ile haujawahi kunisumbua kwenye huduma nyingine yoyote niliyotumia baadaye, na kila msomaji aliyeufungua, kwenye kifaa chochote, aliuona ulivyo. Ila niseme wazi kwamba mtambo ulifaa masimulizi: riwaya, hadithi fupi, kumbukumbu za maisha. Mwenye kitabu cha picha, majedwali au mashairi yaliyopangwa kwa umbo maalumu alihitaji njia nyingine.

Faili likikubaliwa, kitabu kilikuwa dukani kwao papo hapo. Likipita ukaguzi wa Premium Catalog, yaani orodha ya vitabu vya kupelekwa maduka mengine, kilisambazwa kwenye maduka ya Barnes & Noble, Sony, Kobo na Apple, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ulipewa bure. iPad ya Apple ilipotoka Aprili 2010, vitabu vya waandishi wa Smashwords vilikuwemo kwenye duka la Apple tangu siku ya kwanza, sambamba na vya nyumba kubwa za uchapishaji za New York. Sijui kama walioingia baadaye wanaweza kuelewa uzito wa jambo hilo. Maduka ya vitabu vya karatasi hayakuwahi kutupa rafu. Amazon nilipakia mwenyewe moja kwa moja, kama walivyofanya wengi.

Kipengele nilichokipenda kuliko vyote ni sampuli. Mwandishi ndiye anayeamua asilimia ngapi ya kitabu isomwe bure. Kwa riwaya yangu niliweka sehemu kubwa, mpaka pale ambapo msomaji anajua siri moja na anataka ya pili. Bei nayo ilikuwa mikononi mwangu: ningeweza kuishusha asubuhi, kuipandisha wiki inayofuata, au kutoa kitabu bure. Kulikuwa na kuponi pia, ambazo nilizigawa kwa wasomaji waliokuwa tayari kuandika maoni ya kweli. Na kila mwaka mwezi Machi walishiriki wiki ya kusoma vitabu vya kielektroniki, duka zima likijaa punguzo. Vitabu viliuzwa bila kufuli la kidijitali, hivyo aliyenunua alinunua kweli na kukihamishia kifaa chochote alichonacho. Kwangu huo ni uungwana kwa msomaji, na sijawahi kuona ukinipotezea mauzo.

Upande wa mrabaha, dukani kwao mwandishi alibaki na hadi asilimia 85 ya kinachosalia baada ya gharama za malipo, na kwenye maduka makubwa waliyosambaza alipata karibu asilimia 60 ya bei. Linganisha na Amazon ya wakati huo, iliyotoa asilimia 35 kwa mwandishi anayejichapishia hadi Juni 2010, ilipoanzisha asilimia 70 kwa vitabu vya dola 2.99 hadi 9.99. Siamini kabisa kwamba mabadiliko hayo yangekuja haraka vile kama pasingekuwa na washindani waliokuwa tayari wanalipa vizuri. Na wachapishaji wa kawaida? Asilimia 25 ya mapato halisi ndiyo iliyokuwa desturi yao kwa vitabu vya kielektroniki.

Watu humtaja sana Amanda Hocking wa Minnesota, aliyeanza kujichapishia mwaka 2010, akauza kwa senti 99 na dola 2.99, na mwaka uliofuata akapewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 2 na kampuni ya uchapishaji ya St. Martin's Press. Ni kweli, na alistahili. Lakini ukichukua hesabu zake kuwa kipimo chako utaumia bure. Vitabu vingi kwenye huduma hizi viliuza nakala chache, changu kikiwamo kwa miezi ya mwanzo. Kilichokisaidia ni kitabu cha pili, na cha kwanza nikakifanya cha bure. Msomaji aliyemaliza cha bure alikuwa na pa kwenda.

Usiruke uhariri. Huduma haikuuza uhariri wala jalada, na ilikuwa sahihi kutofanya hivyo, lakini mtu wa kazi hizo lazima umtafute na umlipe. Jalada lionekane vizuri likiwa dogo kama ukucha, kwa sababu ndivyo litakavyoonekana kwenye orodha. Prufu, yaani nakala ya mwisho ya kusahihishwa, isomwe na macho mawili yasiyo yako. Ikibaki kasoro, pakia faili jipya. Hata waliokwisha kununua dukani kwao waliweza kupakua toleo lililosahihishwa. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba mhusika anabadilika jina sura ya tisa, na jioni ile ile kitabu kikawa kimerekebishwa.

Malipo yalikuja kila robo mwaka kupitia PayPal. Asiye raia wa Marekani ajaze fomu ya kodi W-8BEN mapema, kwani bila mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani asilimia 30 ya mapato ya huko hukatwa.

Mwaka 2022 Smashwords iliungana na Draft2Digital, huduma nyingine ya kujichapishia, na duka bado lipo. Siku hizi ningekushauri upeleke EPUB uliyoitengeneza mwenyewe kwa calibre au programu nyingine ya bure, uisome yote kwenye simu ndogo kabla ya kuipakia, na uweke sampuli kubwa kuliko unavyothubutu. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, pakua ule mwongozo wa Coker na usome sehemu ya aya na mitindo. Umeandikwa kwa Word za zamani, lakini uchafu unaoueleza ndio huohuo nauona kwenye miswada ninayoletewa hadi leo.