Unga unaonyonya maji katika zege la birika: tathmini baada ya misimu miwili ya masika

Birika la maji ya mvua nililolijenga nyuma ya nyumba yetu Jambiani lina sakafu na kuta za zege lililochanganywa na unga unaonyonya maji, bidhaa ambayo wauzaji huinadi kwa madai kwamba zege lake hujitibu nyufa lenyewe. Kisima chetu, kama visima vingi vya pwani hii, kina maji ya chumvi, na birika ndilo tegemeo letu la maji ya kunywa na kupikia. Kwa hiyo dai hilo nililifuatilia kwa makini.

Unga wenyewe ni chembe za polima za jamii ile ile inayotiwa ndani ya nepi za watoto. Katika maji safi chembe hizo huweza kunyonya maji yenye uzito wa mara mia kadhaa ya uzito wao, lakini ndani ya uji wa saruji, wenye chumvichumvi na kalisi nyingi, uwezo huo hushuka hadi mara makumi tu. Zege linapokauka chembe husinyaa na kubaki ndani ya vijitundu vyake, na pindi ufa unapopita hapo na maji kuingia, huvimba upya na kuuziba. Uzibaji huo ni wa muda. Kinachoponya hasa ni unyevu unaoshikiliwa humo, kwani saruji ambayo haikupata maji ya kutosha tangu mwanzo huendelea kuganda, na kalisi iliyomo huungana na hewa ya ukaa ikajenga utando mweupe mgumu kwenye kingo za ufa. (Kuta za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zilikuwa zikijiziba vijiufa vyake kwa njia inayokaribiana na hiyo kabla polima haijajulikana.)

Birika lilipojaa mara ya kwanza, kuta zilitoa majimaji kwa nje katika nyufa tatu ambazo karatasi moja ya daftari ilipenya kwa shida, yaani takriban milimita 0.1. Kabla masika hayajaisha zote zilikuwa zimekauka, na mahali pake pamebaki mistari myeupe ambayo kucha haiwezi kuibandua. Ufa wa nne, kwenye kona, ulipitisha karatasi tano kwa pamoja. Huo haukupona, na ilibidi fundi auchimbue na kuujaza.

Tatizo langu kubwa lilikuwa dukani. Niliuziwa unga uliopakiwa upya katika mfuko usio na maelezo yoyote, tena ukiwa tayari umeshavuta unyevu na kufanya mabonge, jambo ambalo kwa hewa ya Unguja mwenye duka alipaswa kulijua. Niliurejesha, nikapewa mwingine uliofungwa vizuri. Vipimo niliviuliza kwa mhandisi: gramu 250 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, sawa na asilimia 0.5, ukichanganywa mkavu na saruji kabla maji hayajatiwa. Zege bichi huwa zito kukoroga kuliko kawaida, na fundi wetu alikuwa ameshanyanyua ndoo ya maji ya ziada nilipomzuia. Maji ya kuongezwa hupimwa kwa hesabu, la sivyo zege hudhoofika.

Kwa birika la maji ya mvua ningeununua tena. Kwa nguzo na mihimili ya ghorofa nisingeuthubutu, kwa sababu vitundu vinavyoachwa na chembe hupunguza nguvu ya zege. Shemeji yangu wa Nungwi alitaka kuutumia katika ukuta wa kuzuia mawimbi, nikamweleza kwamba katika maji ya bahari chembe hizo huvimba kidogo sana, na kwamba fedha hiyo ni afadhali aitie katika zege lililoshindiliwa vyema na lenye unene wa kutosha juu ya nondo.