Seti ya klachi: beringi kwanza, pleti baadaye

Malalamiko ya klachi yanayonifikia yana sura moja. Mtu ana Probox au Corolla 110 ya manuali. Klachi ilianza kuteleza, akanunua seti mpya, fundi akashusha gia boksi, gari likatoka gereji likivuta vizuri kabisa. Mwezi wa pili au wa tatu unaanza mlio kila akikanyaga pedali, kwanza kama filimbi ya mbali, kisha kama mchanga unaosagwa. Fundi anafungua tena. Pleti, ile sahani inayosuguana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), nzima. Presha pleti, inayoikandamiza kwa springi, nzima. Kilichokufa ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali, kipande kidogo kuliko vyote vitatu, na ili kukifikia unalipa upya kazi ya kushusha na kupandisha gia boksi.

Kwa hiyo nimezipanga seti za klachi zinazouzwa huku kwetu kwa swali moja: beringi iliyomo ndani ya boksi ni ya nani? Bei, rangi ya laining (utando wa msuguano wa pleti) na idadi ya springi za pleti, hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Pleti hufa kwa taarifa. Laining huisha polepole, na ikikaribia mwisho utaona mwenyewe: uko gia ya 4 kwenye kilima, unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda lakini mwendo hauongezeki. Unabaki na muda wa kujipanga. Beringi mbovu haikupi muda huo. Kila ukikanyaga pedali inabeba nguvu yote ya springi ya presha pleti huku ikizunguka kwa kasi ya injini. Katika magari mengi yenye klachi ya kusukumwa na mafuta ya breki, beringi hugusa vidole vya presha pleti (ncha za springi yake) hata ukiwa umeondoa mguu, kwa hiyo inazunguka tangu unapowasha gari mpaka unapozima. Kinga yake ni grisi iliyofungiwa kiwandani, basi. Haina nipo, yaani tundu la kuongezea grisi. Grisi ikiwa kidogo au ya hovyo, foleni ya Mbagala au ya Thika Road inaimaliza mapema.

Tena haifi peke yake. Ikianza kukwama inavisugua vidole vya presha pleti mpaka vinaliwa ncha, na hapo presha pleti mpya uliyoilipia inaharibika pamoja nayo.

Kabla hujatoa hela

Hakikisha klachi ndiyo yenye tatizo. Washa injini, weka gia huru, mguu nje ya pedali, sikiliza. Mlio ukiwepo kisha ukapotea ukikanyaga pedali, tatizo ni beringi ya shafti ya kuingilia, iko ndani ya gia boksi, na seti ya klachi haitalitibu. Mlio ukija pale unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi. Kwenye Hilux na Hiace, ambazo gia boksi imelala nyuma ya injini, mlio wa kukanyaga unaweza pia kutoka kwenye beringi ndogo iliyo kwenye kitako cha krenki. Hiyo haimo katika seti nyingi. Inunue pembeni, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Gia zikigoma kuingia wakati injini inawaka lakini zikaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, usikimbilie seti. Tazama kwanza silinda ya chini ya klachi, ile iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Kunja ukingo wa mpira wake wa vumbi. Ukikuta mafuta ya breki ndani, mpira wa silinda umechoka na nguvu ya pedali inapotelea hapo. Tazama na masta silinda, pale fimbo yake inapotokea chini ya dashibodi. Silinda au mpira wake unabadilishwa bila kugusa gia boksi, unajaza DOT 3, unatoa hewa, kazi imekwisha. Watu wengi wamenunua klachi nzima kwa sababu ya kampira kale.

Ya kwanza: Exedy, seti ya vipande vitatu

Sifichi kwamba hii ndiyo ninayoipendelea. Exedy ni kampuni ya Osaka iliyokuwa ikiitwa Daikin kabla ya kubadili jina mwaka 1995, ndiyo maana mafundi wa zamani bado wanasema klachi ya Daikin. Inatengeneza klachi zinazofungwa kwenye magari mapya ya Kijapani, na boksi lake la seti huja na pleti, presha pleti na beringi pamoja, kwa namba moja. Seti za Toyota mara nyingi zina namba inayoanza na TYK. Namba hiyo ndiyo unayomtajia muuzaji. Ukisema “nataka klachi ya Probox” umemfungulia mlango akupe anachotaka kumaliza.

Ninaiweka juu kwa sababu vipande vitatu vimechaguliwa na mtu mmoja. Urefu wa beringi unaendana na kimo cha vidole vya presha pleti, na uzito wa pedali unatoka ulivyokusudiwa.

Ya pili: Aisin, na beringi ya Kijapani pembeni

Kwa Toyota, pleti na presha pleti za Aisin hazina upungufu wowote. Aisin iko katika familia ya kampuni za Toyota, na nyingi za Toyota za manuali zimetoka kiwandani na klachi yake. Kinachoishusha hadi nafasi ya pili ni namna inavyouzwa huku kwetu. Mara nyingi pleti iko kwenye boksi lake, presha pleti kwenye lake, halafu muuzaji anainama chini ya kaunta na kuibuka na beringi iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki isiyo na jina. Hapo ndipo hela yako inapopotea.

Ukichagua njia hii, nunua beringi kwa jina lake: Koyo, NSK, NTN au Nachi. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma. Kisha zisimamishe zote mbili juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu, na upitishe rula juu yake. Zikitofautiana kimo hata milimita 2, iache.

Ya tatu: LuK, Sachs na Valeo

Kwa Volkswagen, Peugeot au BMW ya manuali hizi zingekuwa za kwanza. LuK imo ndani ya Schaeffler ya Ujerumani, kampuni inayotengeneza beringi za INA na FAG, kwa hiyo suala la beringi limekwisha. Sachs ni ya ZF, nayo ni ya kuaminika. Nimeziweka hapa kwa sababu mwenye Toyota au Suzuki atahangaika kuzipata kwa namba sahihi. Mwenye dizeli ya Ulaya aulize mapema kama gari lake lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo haikerezwi. Ikilegea hubadilishwa, na bei yake huweza kuzidi ya klachi yenyewe.

Ya nne: klachi iliyotumika kutoka Japani

Pleti na presha pleti zilizotoka na gia boksi ya mtumba zinaweza kuwa na uhai. Pima kina kutoka uso wa laining hadi kichwa cha riveti: kwa Toyota mwisho ni milimita 0.3, na mimi chini ya milimita 1 sinunui. Beringi iliyotumika usiichukue hata ukipewa bure.

Pleti zilizobandikwa laining upya na seti zisizo na jina sizipi nafasi. Gharama ya ufundi wa kushusha gia boksi ni ile ile.

Ukiwa kaunta

Muuzaji ataishika beringi, ataizungusha kwa kidole, nayo itazunguka muda mrefu ikilia kama gurudumu la baiskeli. Atasema, “Bosi, ona ilivyo laini.” Hiyo ndiyo ya kukataa. Beringi mpya iliyojaa grisi huzunguka kwa uzito, haina sauti, na inasimama mapema ukiondoa kidole. Izungushe karibu na sikio. Kisha ishike pete ya ndani na ya nje, zitikise kinyume: zikigonga, irudishe. Angalia sili zake pande zote mbili, mpira ukae sawa bila grisi iliyochuruzika. Pitisha kucha kwenye jina na namba. Maandishi ya wino yanayofutika kwa kidole chenye petroli kidogo si ya kiwanda cha maana.

Pleti nayo ihesabu meno ya katikati, pale inapoingia shafti. Pleti mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana jino moja, na hutajua mpaka gia boksi ikatae kuingia saa 12 jioni, maduka yakifungwa.

Halafu kuna hili la maboksi. Kariakoo, Gerezani, Kirinyaga Road kule Nairobi, kila mahali vinapouzwa vipuri kuna boksi halisi lenye vitu visivyo vyake. Boksi la seti iliyotumika linaokotwa gereji, linajazwa pleti ya jina lisilojulikana na beringi ya bei poa, linapigwa gundi. Kwa hiyo usilipie boksi. Lifunguliwe mbele yako, na jina liwe kwenye kila chuma, si kwenye katoni. Inaniuma zaidi kwamba mwenye duka anayefanya hivi ndiye mwenye kibao cha “mali ikishauzwa hairudishwi”. Anajua beringi itakufa baada ya miezi, wala si siku, na anajua huna pa kuirudisha. Ukiomba risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) bei inapanda ghafla. Ilipe hiyo bei, kwa sababu bila risiti huna ushahidi kwamba ulinunua kwake. Na ukimtuma fundi peke yake, elewa kwamba wapo wanaoweka cha juu, na cha juu hicho mara nyingi kinatoka kwenye beringi, kwa kuwa hakuna anayeiangalia. Nenda naye.

Gereji

Beringi nyingi nzuri zinauliwa gereji. Kosa la kwanza ni kuiosha. Fundi ana beseni la petroli, anatumbukiza kila kitu, na beringi mpya inaingia humo ili kutoa mafuta ya kiwandani. Petroli inapenya kwenye sili na kuyeyusha grisi. Wiki chache baadaye inalia. Beringi inafutwa kwa kitambaa kikavu, hakuna zaidi. Cha kusafishwa ni uso wa presha pleti na wa flaiwili, kwa dawa ya kusafishia breki.

Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu au mipasuko midogo kama nywele, ipelekwe ikerezwe. Sili ya krenki ya nyuma ikiwa na unyevu, ibadilishwe sasa, maana tone la oili kwenye laining linaanzisha kutetema kila unapoondoka. Vumbi la ndani lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa hewa.

Grisi inayovumilia joto inapakwa sehemu tatu: kwenye meno ya shafti, kwenye bomba ambalo beringi huteleza juu yake, na kwenye ncha na egemeo la foki, mkono unaoisukuma beringi. Iwe utando mwembamba. Ile ya kwenye meno, ingiza pleti mara moja, itoe, ufute iliyosukumwa nje, la sivyo itarushwa kwenye laining. Pitisha kidole kwenye bomba: likiwa na ngazi iliyoliwa, beringi mpya itakwama hapo na pedali itakuwa inarudi kwa mikwaruzo.

Pleti ina upande. Kitovu kilichotuna hutazama gia boksi, na nyingi zina maandishi yanayoonyesha upande wa flaiwili. Ilenge katikati kwa kifimbo chake, kaza bolti sita za presha pleti kwa kuvukisha, kila moja kidogo kidogo. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 19. Gia boksi isiachwe ikining'inia kwenye shafti wakati wa kupandisha, inapinda kitovu cha pleti, na klachi itagoma kuachia ikiwa mpya kabisa.

Pedali ya Toyota iwe na mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla ya kukaza. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, inatumia kebo, kwa hiyo mchezo unarekebishwa kwenye nati ya mwisho wa kebo na unapaswa kukaguliwa tena kadiri laining inavyoisha, kwa sababu kebo iliyokazwa sana inaikandamiza beringi safari nzima. Mguu uliopumzishwa juu ya pedali unafanya vivyo hivyo. Kwenye foleni weka gia huru, ondoa mguu.

Oili ya gia boksi imemwagwa ili shafti za magurudumu zitoke. Isirudishwe ile iliyokingwa kwenye ndoo. Gia boksi ya C50 ya Corolla inabeba lita 1.9 za 75W-90, ijazwe mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawasawa. Gari likiwa bado kwenye vigingi, washa, kanyaga pedali mara kumi polepole, na mtu mmoja asikilize karibu na gia boksi. Ikilia hapo, bado uko gereji, na ya zamani bado iko mkononi kwa kulinganisha.