Saa ya spoti ya bei mbaya: kabla hujatoa hela kague kitufe cha pembeni

Meseji zenu siku hizi ni wimbo mmoja, mtu kanunua saa ya maana, kaambiwa ni ya spoti, Jumapili kaenda kuogelea ziwani Bangwe, hapa Kigoma, na wanae, kurudi nyumbani kioo kina ukungu kwa ndani. Akimrudia muuzaji anajibiwa "umeitumia vibaya bosi". Huyu wa mwisho kanitumia na picha, mgongoni saa imeandikwa mita 30. Jamani, mita 30 sio kwamba unazama nayo mita 30! Ile ni presha ya kupimia, saa imetulia tuli, hakuna mkono unaopiga maji. Ni ya kunawa na manyunyu, basi. Kuogelea anzia 100.

Kwahiyo rangi na mkanda siongelei, hayo mnayajua kuliko mimi. Wengi wanaona saa ni ya spoti kwa vile ni ya chuma na ina pete ya namba juu. Mimi naangalia kile kitufe cha kurekebishia muda, maana pale mwili wa saa umetobolewa na maji yanapajua. Kishike kwa kucha ukivute. Kikitoka papo hapo hakina skrubu. Kikigoma mpaka ukizungushe kurudi nyuma ndo kiruke chenyewe, hicho kina skrubu, na ukikikaza kinabana raba ya ndani. Cha kuvuta tu, siku kikinasa kwenye wavu kikachomoka kidogo bila wewe kujua, ziwa lote linaingia. Saa ya hivyo kwangu mimi ni ya harusini hata ikiuzwa bei ya Noah.

Kwa kipimo hicho orodha yangu ni hii. Namba moja Tudor Black Bay Fifty-Eight, na sijifichi, mimi ni wa Tudor. Kampuni ilianzishwa na Hans Wilsdorf, yule yule aliyeanzisha Rolex. Hii ilitoka 2018, milimita 39 kwahiyo inapita chini ya mkono wa shati, mita 200, kitufe cha skrubu, na inatunza nguvu saa 70, yaani ukiivua Ijumaa jioni Jumatatu asubuhi unaikuta bado inatembea. Dola 4,000 na ushee. Najua.

Mbili, Omega Seamaster Diver 300M. Kitufe safi, ila wameongeza na kingine pale kwenye namba 10 cha kutolea gesi ya heliamu, kitu cha wazamiaji wanaoishi siku kadhaa kwenye chemba za presha. Sasa nani Kibirizi anaishi kwenye chemba? Ni tundu jingine na raba nyingine ya kuchakaa.

Tatu Rolex Submariner, ipo tangu 1953, leo ni mita 300, na chini ya nembo ya taji kwenye kitufe kuna doti tatu, hiyo ndo Triplock, kitufe cha skrubu cha Rolex. Saa haina kosa, kosa ni kuomba kuuziwa kama unaomba kazi, unaandikishwa foleni, na asiyetaka foleni anapigwa cha juu na walanguzi.

Speedmaster ya Omega ilienda mwezini 1969, sawa, mwezini hakuna ziwa. Kitufe cha kuvuta, mita 50. Royal Oak ya Audemars Piguet ya 1972, aliyoichora Gérald Genta, naipenda kwa macho, lakini lile toleo lake la Jumbo nalo linaishia mita 50 kwa hela ya kujenga nyumba Mwanga na fensi juu.

Huna hizo hela? G-Shock ya Casio, mita 200, maliza.

Na raba zinazeeka, kwahiyo hata mtumba wa Tudor upimwe presha kwanza, na mimi hapa Kigoma mashine ya kupimia sijaiona kwa fundi yeyote, wanafungua mgongo kwa kisu na kurudishia hivyo hivyo. Halafu nyie wa "bei njoo inbox", wekeni bei chini ya picha, na mpige picha kitufe kikiwa kimefunguliwa, sio kila siku uso wa saa juu ya usukani wa gari la kuazima.