Stade Toulousain pale kwao Ernest-Wallon, nendeni jamani

Kama unapenda raga na uko Ufaransa tafuta tiketi ya Stade Toulousain, ile klabu ya mji wa Toulouse, mi nimeenda juzi kati na hadi leo sauti imekauka. Uwanja wa Ernest-Wallon si mkubwa sana, unaingiza watu kama elfu 19 hivi, na ndo raha yenyewe maana uko karibu na nyasi unasikia kabisa mabega yakigongana kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira. Huyo mchezaji wao Meafou ana kilo zaidi ya 140, akishika mpira watatu wanamning'inia na bado anasogea tu!

Wengi wanaenda kumuona nyota wao Dupont, sawa, anastahili, ila angalieni na mikono ya wenzake. Mtu anaangushwa, goti limebaki kidogo liguse chini, mkono mmoja unachomoka pasi inatoka na mwenzake keshafika anakimbia nayo. Wanacheza hivo toka zamani, ndo maana kombe la Ulaya la 2024 lilikuwa la 6 kwao, walimpiga Leinster ya Ireland 31-22 baada ya dakika za nyongeza.

Jezi nunueni duka la klabu, mi nilinunua kwa jamaa mmoja barabarani nikaifua mara moja tu nyekundu yote ikachuja. Halafu mechi kubwa kubwa huwa wanazipeleka Stadium de Toulouse, uwanja mwingine mkubwa zaidi hapo mjini, so soma tiketi vizuri kabla hujapanda basi. Mi mwezi ujao narudi, nishakata.